Mizigo ya Safari za Hatari

Wahenga walisema kwamba msafiri ni aliye bandarini. Maana yake ni kuwa mtu haitwi msafiri kwa maneno ya barazani. Huitwa msafiri akisha kushuka pwani, mizigo yake imefungwa, naye angoja upepo. Basi ukitaka kumjua msafiri, msomaji wangu, usiutazame uso wake wala usisikilize majigambo yake. Itazame mizigo yake. Humo utayaona anayoyaogopa na anayoyatumaini, na zaidi ya hayo utaona ni kwa kiasi gani anaijua nchi anayoiendea.

Katika insha hii nataka tuitazame pamoja mizigo ya wasafiri waliopita, au waliotoka, katika nchi ya Migori na Homa Bay, kando ya ziwa lile ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe na ramani huliita Viktoria. Wengine walikuwa watu mashuhuri ambao majina yao yamo vitabuni. Wengine hakuna aliyejali kuyaandika majina yao. Wote walikabiliwa na swali moja: nichukue nini, na niache nini? Swali hili ni jepesi kutamka, lakini watu wengi wamekufa kwa sababu lilijibiwa vibaya. Tena ukilipasua utaona kuwa ndani yake mna maswali matatu. La kwanza, mwili wangu utahitaji nini njiani? La pili, watu nitakaowakuta watataka nini kwangu? La tatu, ni nani atakayeubeba uzito huo? Wasafiri wengi hulijibu la kwanza, hughafilika na la pili, na la tatu hawaliulizi kabisa.

Tuanze mbali sana, kabla ya kuwako kabila lolote tulijualo. Katika rasi ya Homa pana mahali paitwapo Nyayanga. Hapo wataalamu wa mambo ya kale, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichimbua zana za mawe zaidi ya 300 pamoja na mifupa mingi ya wanyama, na habari zao zikachapishwa mwaka 2023. Umri wa zana hizo ni kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Miongoni mwa mifupa imo ya viboko yenye alama za kukatwa kwa mawe makali. Waliozitumia zana hizo hawakuwa watu kama mimi na wewe, bali viumbe wa ukoo wa kale unaokaribiana na wetu. Walakini walikwisha kujua kuchagua.

Mawe ya pale pale Nyayanga ni laini. Ukiyagonga hayatoi ukingo wa kudumu, na ukingo ukipatikana huisha makali upesi. Mawe magumu yapo, lakini yako mbali. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kuwa mawe mengi yaliyotengenezewa zana za Nyayanga yalitoka mahali palipo mbali hata kilomita 13. Na huko Kanjera, katika rasi iyo hiyo, zana za miaka kama milioni 2 iliyopita zatoa ushahidi wa namna moja: jiwe jema lilifuatwa likaletwa kutoka mbali, ingawa jiwe baya lilikuwa miguuni.

Hebu lifikiri jambo hilo. Jiwe ni zito, haliliwi, wala halikingi baridi. Anayelibeba kwa kilomita nyingi hana nyama mbele yake wakati ule. Anayo akilini tu. Anajua kwamba kesho au keshokutwa atakuta mnyama, na kwamba siku hiyo jiwe laini halitamfaa. Basi kuchagua kifaa ni kuiona kesho kabla haijafika. Hapo swali la kwanza lilipata jibu lake katika nchi ya Homa Bay zamani sana kabla ya mtu yeyote kufunga gunia au kutweka tanga.

Sasa tuivuke miaka hiyo yote tufike karne ya 19, wakati misafara mikubwa ilipokuwa ikitoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa kwenda bara. Punda na ng'ombe waliotumiwa kubebea mizigo walikufa ovyo njiani kwa maradhi yaletwayo na mbung'o, kwa hiyo karibu kila kitu kilikwenda juu ya kichwa au bega la mpagazi. Hodari alibeba ratili 60 au 70. Posho yake ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani kama ratili moja na nusu.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Mpagazi aliyebeba ratili 60 za nafaka tupu angekuwa na vibaba 40. Angekwenda siku 20, angerudi siku 20, na nafaka yote angekuwa ameila mwenyewe bila kumfikishia mtu hata punje moja. Safari ya Ujiji au ya Uganda ilichukua miezi. Ndiyo kusema hapakuwa na msafara ulioweza kubeba chakula chake kutoka pwani. Kila mlo ulikuwa ununuliwe kwa wenyeji wa njiani, na kwa kuwa huko bara hapakuwa na fedha za sarafu, ulinunuliwa kwa nguo, ushanga na waya wa shaba. Tazama basi jinsi swali la kwanza linavyogeuka mara moja kuwa la pili. Ukitaka kujua utakula nini, huna budi kwanza kujua mwenye chakula anapenda nini.

Henry Stanley alilijua hilo mwanzoni mwa mwaka 1871, alipofika Unguja akijiandaa kumtafuta Daktari Livingstone. Alikuwa mwandishi wa gazeti, naye alikuwa hajapata kuongoza msafara wa bara hata siku moja. Vitabu vya wasafiri waliomtangulia alikuwa amevisoma, lakini havikumwambia anunue kiasi gani cha kila kitu. Mwishowe alimwendea mfanyabiashara mmoja Mwarabu, jina lake Sheikh Hashid, akamwuliza. Sheikh alimjibu kwamba watu 100 watatoshwa na doti 10 za nguo kwa siku. Doti moja ni yadi 4, basi doti 10 ni yadi 40. Kwa hesabu hiyo Stanley alipanga doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki na doti 650 za nguo za rangi kwa mwaka mmoja. Jumlisha mwenyewe utapata 3,650, yaani doti 10 kwa kila siku ya mwaka. Hesabu yenyewe ni ya darasa la chini, lakini kitabu hakikumpa. Alipewa na mtu aliyekuwa akiijua njia.

Ushanga ulimsumbua zaidi. Alinunua magunia 22 ya aina 11, kwa kuwa aliambiwa kwamba aina inayopendwa katika nchi moja hukataliwa kabisa katika nchi ya pili. Palikuwa na ushanga mkubwa kama yai uliopokewa Ujiji, na kwingineko hapana aliyeutaka. Msafiri aliyekosea rangi alikuwa sawa na mtu aliyebeba kokoto: mabega yanamwuma kwa uzito, na tumbo linamwuma kwa njaa.

Miaka 12 baadaye Joseph Thomson, kijana kutoka Uskoti, alipata funzo la namna hiyo hiyo. Aliondoka Mombasa mwezi Machi 1883, akikusudia kupita nchi ya Wamasai mpaka ziwani. Alipofika Taveta aliambiwa kwamba ushanga wake, ingawa ulikuwa wa aina nzuri, haukufaa kama ulivyo. Wamasai hawakupokea ushanga wa chembe chembe. Ulipaswa kutungwa katika nyuzi za urefu wanaoujua wao. Basi safari ilisimama, na watu wake wakakaa kitako wakatunga maelfu na maelfu ya nyuzi. Baadaye alilazimika kurudi Mombasa kuongeza watu na bidhaa, kisha akafuatana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua njia zile. Mwezi Desemba mwaka ule ule aliufikia ufuko wa ziwa upande wa kaskazini wa ghuba. Katika mizigo yake yote hapakuwa na kilichomfaa kuliko maarifa ya watu wa Pangani, ambayo hayakuwa na uzito hata wa ratili moja.

Lakini nguo na ushanga haviwezi kumvusha mtu ziwa. Hapo haina budi turudi nyuma kidogo, kwenye safari ya pili ya Stanley. Mwaka 1874 alitaka kukata shauri lililokuwa likiwagombanisha wanajiografia wa Ulaya: je, ziwa alilolitaja Speke ni ziwa moja kubwa, au ni maziwa kadhaa yaliyo karibu karibu? Kulijibu shauri hilo kulihitaji kulizunguka lote kwa chombo. Kwa hiyo aliagiza mashua huko Teddington, Uingereza, kwa fundi James Messenger. Ilikuwa na urefu wa futi 40 na upana wa futi 6, ya mbao nyepesi za mwerezi, nayo iliundwa iweze kufunguliwa vipande vipande, ibebwe na watu nchi kavu, kisha iunganishwe tena majini. Akaiita Lady Alice.

Mpango ulikuwa mzuri, ila walioupanga hawakuwa watakaoibeba. Vipande vilipofika Unguja vilipimwa, vikaonekana ni vizito na vipana mno kwa wapagazi wanaopita katika vijia vyembamba vya msituni. Basi ilimlazimu fundi wa Unguja kuvikata upya viwe vidogo zaidi ndipo msafara uondoke. Hilo ndilo swali la tatu, msomaji wangu, nalo lilijibiwa kwa bahati njema kabla ya kuondoka, wala si katikati ya pori. Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, na mwisho wa Februari 1875 ulifika Kagehyi, kusini mwa ziwa. Wengi walikuwa wamekwisha kufa kwa maradhi, njaa na vita, lakini mashua ilifika nzima.

Tarehe 8 Machi 1875 Lady Alice ilitwekwa tanga. Ndani yake walikuwamo Stanley na mabaharia wachache, Safeni akiwa mshika usukani, pamoja na unga, samaki wakavu, na robota za nguo na ushanga. Walifuata ufuko wa mashariki kuelekea kaskazini. Katika mwezi huo walipita mbele ya nchi ambayo leo ni Migori, pande za Muhuru na Karungu, wakapita na visiwa vya Homa Bay, kisha wakaendelea mpaka kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwanzoni mwa Aprili. Ukisimama leo ufukoni Sori ukatazama magharibi, unayaona maji yale yale waliyoyapita. Tarehe 6 Mei walirudi Kagehyi, baada ya kulizunguka ziwa lote kwa muda usiofika miezi miwili. Ziwa ni moja, shauri likakatika.

Tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu ya habari. Katika kurudi, mwishoni mwa Aprili, mashua ilifika kisiwa cha Bumbireh, upande wa magharibi wa ziwa, mabaharia wakiwa na njaa. Ugomvi ukatokea, na watu wa kisiwa wakayanyang'anya makasia yote. Chombo bila makasia ni gogo. Mabaharia walijiokoa kwa kuzing'oa mbao za chini ya mashua wakazitumia kupigia makasia mpaka wakatoka. Lakini mwezi Agosti Stanley alirudi Bumbireh na watu wengi na bunduki nyingi, akawapiga risasi watu wa kisiwa waliokuwa ufukoni, wakafa wengi. Hata huko Uingereza walikuwako waliomlaumu vikali. Nakusimulia hayo ili uone kwamba vifaa havichagui vitatumiwaje. Mashua ile ile iliyoleta elimu ndiyo iliyoongoza mauaji. Na msafiri afungaye bunduki pamoja na unga hana budi kujiuliza, kabla hajafunga, ataifungulia wapi na kwa nani.

Mpaka hapa tumewazungumzia watu waliochagua wenyewe. Sasa yatupasa kuwataja wale waliochaguliwa na kuchaguliwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, mpaka kati ya nchi ya Waingereza na ile ya Wajerumani ulipita kusini mwa Migori. Mwezi Septemba mwaka huo Wajerumani walivuka mpaka wakauingia mji wa Kisii. Waingereza waliteremsha askari kwa meli ufukoni Kendu, na tarehe 12 Septemba pande mbili zikapigana karibu na Kisii. Jioni ile ile kila upande uliondoka. Vita vikahamia kusini, vikadumu miaka minne, na kwa kuwa mbung'o walikuwa wangali wanaua punda, farasi na ng'ombe, jeshi nalo lilihitaji mabega ya watu.

Kikosi cha wapagazi kikaundwa chini ya Oscar Watkins. Mara ya kwanza watu walitafutwa kwa upole, kisha kwa sheria, na mwaka 1917 kwa msako mkubwa ulioendeshwa na serikali, nyuma yake akiwa John Ainsworth, aliyekuwa amelitawala jimbo la Nyanza kwa miaka mingi. Machifu waliamriwa kutoa watu, wakatoa. Vijana wa Nyanza Kusini, Wajaluo, Wakuria na Wasuba, pamoja na jirani zao Wakisii, walitolewa vijijini mwao kwa maelfu. Mpagazi wa Unguja wa zamani aliajiriwa kwa mapatano, na msafara ukimwudhi aliutupa mzigo akatoroka. Kijana huyu hakuwa na mapatano, wala hakuuliza anakwenda wapi.

Je, alifungiwa mizigo gani? Alipewa mzigo wa jeshi, ratili 50 au zaidi, na blanketi la kukingia mvua na baridi ya nchi asizozijua. Kwa chakula alipewa posho ya unga wa mahindi. Huenda ukaniuliza, unga wa mahindi una ubaya gani? Leo si ndio ugali wetu wa kila siku? Lakini siku zile chakula chao cha kawaida kilikuwa mtama na wimbi, pamoja na maziwa, mboga na samaki. Mahindi hayakuwa bado chakula kikuu cha ufuko ule. Tena ule unga ulikuwa wa chenga chenga, unaotaka moto mwingi na saa nyingi jikoni. Mtu aliyetembea kutwa, akafika kambini magharibi, mvua inanyesha, kuni mbichi, sufuria haba, aliula ukiwa mbichi nusu. Tumbo likachubuka, kuhara damu kukaingia, na mwili uliodhoofika ukashindwa na homa ya malaria na kichomi. Wapagazi wa jeshi la Waingereza waliokufa katika vita vile wahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na maradhi. Watkins alijitahidi kuwatetea wapate chakula kilichopikwa vizuri na matibabu, lakini kwa wengi msaada ulichelewa.

Hapakukosekana hesabu ofisini. Tani za unga zilihesabiwa, na mizigo ilipimwa kwa ratili. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: huyu anayebeba, kwao hula nini, na atapikia nini? Majemadari walilijibu swali la kwanza kwa ajili ya bunduki, wakasahau kulijibu kwa ajili ya watu. Majina ya Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam yametokana na kikosi hicho cha wapagazi. Kila utakapoyasikia, kumbuka sufuria ambayo haikuwako.

Msafiri wetu wa mwisho hakuwa mtu wa vita. Louis Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903, mwana wa mmishenari, akakua pamoja na Wakikuyu hata akakisema Kikikuyu kama wao. Mwaka 1932 aliupeleka msafara wake wa elimu katika rasi ya Homa, Kanam na Kanjera, akitafuta mabaki ya watu wa kale. Tarehe 29 Machi mfanyakazi wake Juma Gitau alichimbua donge la mwamba lenye kipande cha taya ndani yake. Hapo Kanjera vilionekana pia vipande vya mafuvu. Leakey aliamini kwamba hayo ni mabaki ya mababu wa kale sana wa binadamu, na mwaka 1933 wataalamu waliokutana Cambridge waliupokea ushahidi wake.

Katika elimu ya mambo ya kale, mfupa ukisha kutolewa ardhini thamani yake hutegemea mahali ulipotoka. Leakey alijua hilo, akatia alama mahali pale kwa vigingi vya chuma, na akapiga picha. Lakini kamera ilikuwa na kasoro, picha zikaharibika, naye hakuwa na kamera ya pili. Ilimbidi kutumia picha ya mtu mwingine, ambayo baadaye ilitambulikana kuwa ya mahali pengine. Januari 1935 alifika Profesa Percy Boswell, mtaalamu wa miamba aliyekuwa na mashaka, ili aonyeshwe mahali penyewe. Wakavitafuta vigingi wasivione. Watu wa ufukoni walikuwa wameving'oa wakavifanyia vifaa vyao, na mvua ilikuwa imebadilisha sura ya makorongo. Leakey hakuweza kupaonyesha mahali kwa hakika. Mwezi Machi 1935 Boswell aliyaandika hayo katika gazeti la Nature, na sifa ya Leakey ikapata pigo lililomwuma kwa miaka mingi.

Usiseme upesi kwamba watu wa ufuko walikuwa wezi. Kwa mvuvi, chuma kilichosimama peke yake matopeni, hakuna mlinzi wala mwenyewe, ni riziki. Chuma kilinunuliwa kwa jasho, nacho kilifanya mkuki na ndoana. Leakey alikuwa mwenyeji huko Kabete, lakini Kanam alikuwa mgeni, naye alichagua alama yake kwa macho ya mgeni. Kwake kigingi kilikuwa alama, na kwa aliyekikuta kilikuwa mali. Rundo la mawe lingalibaki pale pale, kwa kuwa hakuna aibaye mawe. Mzee mmoja wa kijiji, aliyeelezwa jambo lenyewe na kupewa ujira wa kulinda, angalifaa kuliko vigingi mia. Na kamera ya pili ingalikuwa na uzito gani mbele ya jina la mtu?

Utafiti wa baadaye ulionyesha kuwa mafuvu ya Kanjera ni ya watu kama sisi, wala si ya kale kama Leakey alivyodhani. Lakini rasi yenyewe haikumdanganya. Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, mkewe Mary Leakey aliligundua fuvu la kiumbe wa kale aitwaye Proconsul, na safari hiyo hakuna aliyetilia shaka mahali lilipotoka. Na Nyayanga na Kanjera, tulikoanzia, zi katika rasi ile ile ya vigingi vilivyopotea. Wachimbaji wa siku hizi hupima mahali pa kila jiwe na kila mfupa kabla ya kuuinua, nao hufanya kazi pamoja na wenyeji. Wamejifunza kwa hasara ya aliyewatangulia.

Sasa, msomaji wangu, huenda ukasema kwamba zamani za misafara zimepita. Zimepita kweli, lakini safari za hatari hazijakwisha Migori wala Homa Bay. Usiku huu wavuvi wa omena watatoka Mbita, Sori na Muhuru na taa zao, na kila nahodha atakuwa amekata shauri kama fedha iliyobaki itanunua petroli zaidi au jaketi la kuokolea maisha. Huko Nyatike wachimbaji wadogo wa dhahabu watashuka mashimoni, na maisha ya kila mmoja yatategemea kamba aliyoichagua, na mtu aliyeachwa juu kuishika. Wengine kati yenu ni watoto wao, nanyi mnalijua swali hili kwa karibu kuliko mwandishi yeyote.

Basi itakapofika zamu yako ya kufunga mizigo, iwe ya kwenda ziwani, mlimani, chuoni au katika nchi ya ugenini, usianze kwa kununua. Anza kwa kuuliza. Mwulize aliyekwisha kuipita njia, kama Stanley alivyomwuliza Sheikh Hashid. Mwulize mwenyeji wa huko anathamini nini, kabla hujasimamisha chuma chako katika udongo wake. Na kama mzigo utabebwa na mwingine, mwulize yeye kwanza, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye uzito wake. Kuuliza si ujinga, tena hakuongezi hata ratili moja mgongoni.